Glavu ya Babu Si Dekio

*Shangazi, naishi Seattle. Mume wangu Mmarekani na mwanetu wa miaka 11 wamezama kwenye besiboli, mimi wamenisahau. Mchezo mmoja unachukua saa tano, na ni kila siku! Wanaongea kwa namba, "sita-nne-tatu", wanacheka, mimi kimya. Jumamosi mume wangu, ambaye ndiye kocha, alimtoa mtoto uwanjani baada ya kurusha mipira 65 tu, mtoto akalia. Siku hizi hawanisemeshi, tangu nilipofua ile glavu ya babu yao. Nidai talaka? Mama Mpweke.*

Pole, mwanangu. Upweke ughaibuni ni mzito. Pole yangu inaishia hapo.

Saa tano umezitoa wapi? Tangu 2023 warushaji wa ligi kuu wanahesabiwa sekunde, na mchezo unachukua kama saa mbili na dakika 40. Kwenye "kila siku" nakuunga mkono: michezo 162 kwa msimu si kidogo.

Kuhusu Jumamosi, mumeo yuko sahihi. Kwa kanuni za Little League, ligi ya watoto, mtoto wa miaka 11 akirusha mipira 65 hupumzika siku tatu. Ukiongezeka mmoja, siku nne. Kiwiko cha umri huo mfupa wake haujakomaa. Machozi ya mtoto yanakauka, kiwiko kikiharibika utalia wewe.

Sasa glavu, uliyoitupia mwishoni kama dekio. Hapo ndipo barua yako ilipo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Mzee yule alimfundisha mumeo kudaka kwa glavu hiyo, leo mumeo anamfundisha mwanao. Sabuni inakomba mafuta ya ngozi, jua likiipiga inakakamaa na kupasuka kwenye mikunjo. Kwa hiyo usiianike juani, wala usiitie kwenye oveni. Ijaze taulo kavu, ikae kivulini hadi ikauke kabisa. Kisha paka mafuta ya glavu kwa kitambaa, tone dogo tu, maana yakizidi inakuwa nzito na kulegea. Weka mpira penye kiganja, ifunge kwa kamba, ilale hivyo usiku kucha. Kamba za ngozi zikikatika hubadilishwa, hilo mwachie mumeo. Mpelekee ukiomba radhi, na usitie "lakini".

Ndoa za siku hizi mtu akiona wenzake wanacheka, anadhani anachekwa yeye. Hawakusengenyi. Kila mlinzi uwanjani ana namba: 6 kaudaka mpira, kamtupia 4 kwenye beisi ya pili (beisi ni vituo ambavyo mkimbiaji hupitia), naye 3 kwenye ya kwanza, wawili wametolewa kwa mpira mmoja. Nunua daftari la kuandikia mchezo, chukua penseli, mwambie mwanao akufundishe. Mpigaji anayekosa mpira mara tatu huandikiwa K. Aliyesimama tu akiutazama mpira wa mwisho ukipita, K yake inageuzwa nyuma. Hiyo ndiyo yako mpaka sasa.

Talaka utaniuliza ukishajaza daftari la mchezo mmoja, mizunguko yote tisa.