Barua kwa Mwanangu: Theluthi ya Chaji Inatoka Wapi

Langoni, Lamu

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, nasi sote hatujambo. Umeniuliza hivi: ikiwa elektroni haigawanyiki, wale wanaosema wamepima theluthi ya chaji yake walipima nini hasa?

Mwaka 1982 wanafizikia Daniel Tsui na Horst Störmer walichukua kipande cha galiamu arsenaidi (kinachopitisha umeme kwa kiasi, nusu kipitishi), kazi ya mwenzao Arthur Gossard, ambamo elektroni zimebanwa katika utando mwembamba mno hata haziwezi kupanda wala kushuka, ila kutembea ubapa tu. Wakakipoza hadi chini ya kelvini 1, yaani karibu nyuzi −272 za Selsiasi, na kukiweka ndani ya uga sumaku mkali. Ukinzani wa Hall, yaani volti inayojitokeza ubavuni mwa mkondo ikigawanywa kwa mkondo wenyewe, uliotazamiwa kupanda sawasawa kadiri uga unavyoongezeka, ukasimama kwenye ngazi ya takriban omu 77,400, yaani mara 3 ya omu 25,813 alizozipata mwanafizikia Klaus von Klitzing kwenye ngazi kama hiyo mwaka 1980.

Hapa nenda polepole. Kwenye ngazi hiyo, kila elektroni moja ina mafungu matatu ya sumaku, yale madogo kabisa ambayo kanuni za kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo mno, zinayaruhusu. Kwa kuwa elektroni husukumana, zote hujipanga kwa pamoja ili zisikaribiane, kama safu ya zefe la Maulidi katika vichochoro vyetu, ambamo mtu mmoja hawezi kupiga hatua pasi na safu nzima kusogea. Mpango huo ndio ambao mwanafizikia Robert Laughlin aliuandikia hesabu mwaka 1983. Sasa ongeza fungu moja tu la sumaku: kundi zima litajitanua kidogo, na pale fungu hilo lilipoingia patabaki upungufu wa chaji. Ikiwa mafungu matatu ni sawa na elektroni moja, fungu moja lisilo na mwenyewe ni upungufu wa theluthi. Hakuna elektroni iliyokatwa. Theluthi ni ya pengo, na pengo hilo huhama na kubeba mkondo.

Kwa nini 3, wala si 2? Elektroni mbili zikibadilishana nafasi, hesabu inayozieleza lazima igeuke alama, jumlisha iwe toa, na katika mpango wa Laughlin ni namba witiri pekee zinazotimiza sharti hilo.

Mwaka 1997 watafiti wa Saclay, Ufaransa, na wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walipitisha mkondo hafifu katika kijia chembamba wakapima kelele zake, yaani kupandapanda na kushukashuka kwa mkondo, ambazo hukua kwa kadiri ya chaji ya kila kinachovuka. Kelele zikatoa theluthi.

Mamako anakusalimu sana.

Wasalamu,
Babako