Tanuru la saruji likichoma taka, lipime siku kinu kimesimama

Tangu nihamie Dodoma, vijana wa mazingira huniuliza swali lilelile: kiwanda cha saruji kikianza kuchoma matairi, plastiki na mafuta machafu, kifunge mtambo gani kuzuia gesi za asidi, kama salfa dioksidi na haidrojeni kloridi? Nimefanya kazi kwenye matanuru hayo kwa miaka mingi, na jibu langu halianzi na huo mtambo.

Tanuru lenyewe lina kinga. Chokaa ya moto inashuka, gesi inapanda, na chokaa hunyonya asidi. Mwali hufika nyuzi 2,000 hivi na klinka, yaani punje ngumu zinazosagwa kuwa saruji, huiva kwenye 1,450, kwa hiyo salfa ya matairi yaliyoingia kwenye joto kali hunaswa kwa sehemu kubwa na kutoka na klinka. Salfa dioksidi inayotoka bombani mara nyingi ni ya jiwe. Mawe yenye pairaiti, madini ya chuma na salfa, yakifika saikloni za juu, zile zinazopasha malighafi joto kabla ya tanuru, kwenye nyuzi 300 hadi 600, pairaiti huungua na gesi yake hutoroka, maana pale juu hakuna chokaa iliyoiva ya kuinasa. Basi omba vipimo vya machimbo kabla ya orodha ya taka. Jasi ya Itigi, ingawa nayo ina salfa, usiihesabu, hiyo husagwa pamoja na klinka mwishoni, haipiti tanuruni.

Klorini ndiyo hasa shida ya taka. Inakuja na PVC, plastiki yenye klorini ndani yake: vipande vya mabomba, maganda ya nyaya za umeme. Ndani ya tanuru inageuka mvuke wa chumvi, inapanda, inapoa, inaganda ukutani, kisha inarudi chini na vumbi na kuanza upya, hadi njia ya gesi inaziba. Nimesimama karibu na mafundi wakichokonoa gamba hilo kwa hewa ya mgandamizo, mavazi ya kuzuia moto mwili mzima, unga wa moto ukiwarukia. Hakuna kazi niliyoihofia zaidi kiwandani. Izuieni klorini getini. Chukua waya wa shaba, uchome mpaka mwali usiwe na rangi, gusisha kwenye plastiki, urudishe motoni. Mwali ukigeuka kijani, shehena hiyo isimwagwe mpaka maabara ipime kiasi. Fanyeni nje, na moshi wake msiuvute.

Matairi mazima nayo yaingizwe kidogo kidogo. Oksijeni ikipungua kwenye mdomo wa tanuru, salfa iliyokwisha kunaswa huachiwa tena.

Sasa kinu cha malighafi, kile kinachosaga mawe kabla ya kuingia tanuruni, ambacho wakaguzi wengi hukisahau. Kikizunguka, gesi ya tanuru hupitishwa humo kukausha mawe, na unga mbichi wenye unyevu hunyonya salfa dioksidi nyingi. Kikisimama kwa matengenezo, tanuru linaendelea kuwaka, gesi inakwenda moja kwa moja kwenye vichujio vya vumbi, na namba zinapanda. Nimesoma ripoti safi kabisa ambazo vipimo vyake vyote vilichukuliwa kinu kikifanya kazi. Watu wanaoishi jirani na kiwanda wanavuta hewa ya saa zote! Dai vipimo vya hali zote mbili, na uulize kama ipo chokaa iliyozimwa ya kupulizwa kwenye mkondo wa gesi kinu kikisimama. Mnara wa kuosha gesi kwa maji na chokaa unafanya kazi vizuri sana na huzalisha jasi, ila unakunywa maji, na kwa ukanda huu wetu wa kati mimi ningeuweka mwisho.

Kwa kulinganisha, Ulaya tanuru la saruji linalochoma taka lina kikomo cha miligramu 10 za haidrojeni kloridi kwa kila mita ya ujazo ya gesi, 1 ya haidrojeni floridi na 50 za salfa dioksidi, na hii ya mwisho inaweza kulegezwa pale salfa inapotokana na malighafi. Namba hizo huhesabiwa kwenye oksijeni ya asilimia 10. Ripoti isiyotaja oksijeni irudishe kwa aliyeiandika, kwa sababu moshi uliochanganywa na hewa ya ziada husoma chini bila gesi yenyewe kupungua hata chembe.