Nahodha mzuri huendesha vizuri: maswali yenu kuhusu vielezi vya Kiingereza

Maswali mengi niliyoletewa mwezi huu yanazunguka jambo moja: jinsi ya kueleza kwa Kiingereza vile kitendo kilivyofanyika. Vizuri, polepole, kwa makini, kwa bidii. Kwa miaka mingi nimesomesha Kiingereza jioni hapa Langoni, mjini Lamu. Wanafunzi wangu ni manahodha, wapishi, waongoza wageni na vijana wa shule ya upili, na hapa ndipo wengi hukwama wakishavuka hatua ya mwanzo.

Shikamoo, Bi Mwalimu. Mimi huvusha wageni kwenda Shela na Manda. Nikimsifu mwenzangu husema "He sails good". Mgeni mmoja alinisahihisha, akasema ni "He sails well". Kwani "good" si nzuri? (Nahodha, Shela)

Marahaba, mwanangu. Mgeni alisema kweli, na kanuni yenyewe unayo tayari kinywani. Wewe husema nahodha mzuri, mashua nzuri, tanga zuri, na neno hubadilika kufuata ngeli ya kitu kinachosifiwa. Ukitaka kueleza anavyoendesha, unasema anaendesha vizuri. Hakuna mtoto wa Lamu atakayesema "anaendesha mzuri", hata awe na miaka minne. Ile "vi-" haimfuati nahodha wala haiifuati mashua. Imekuja kwa ajili ya kitendo.

Basi "good" ni mzuri, nzuri, zuri, na "well" ni vizuri. "He is a good captain", lakini "He sails well". Utawasikia Wamarekani wengi wakisema "I'm doing good", na hayo ni mazungumzo yao ya kawaida. Wewe shika "well", maana hakuna atakayekusahihisha popote.

Ukiwa na shaka, iseme sentensi moyoni kwa Kiswahili kwanza. Ikija na "vi-", au "kwa" kama katika kwa makini na kwa upole, au "ki-" kama katika kitoto na kijinga, Kiingereza nacho kitataka kielezi, na mara nyingi kitakuwa na mkia wa "-ly": "badly", "carefully", "gently", "childishly", "foolishly". Mkia huo ni jamaa wa neno "like". Vyote viwili vinatokana na neno la Kiingereza cha kale lililokuwa na maana ya mwili au umbo. Ndiyo maana mimi huuona kama ndugu wa "ki-" yetu: kufanya jambo kijinga ni kulifanya kwa umbo la mjinga.

Niliandika barua ya kuomba kazi hotelini, nikasema "I have always worked hardly". Rafiki yangu alipoisoma alishika kichwa, na barua nilikuwa nimeshaipeleka. Kosa liko wapi? (Msomaji, Mokowe)

Pole sana, binti yangu. Barua yako nimeisoma yote, na umeiandika kwa uangalifu. Neno moja tu ndilo lililoigeuza. "Hardly" haina maana ya kwa bidii. Maana yake ni kwa nadra, ni kama kutofanya kabisa. Aliyeisoma alielewa kwamba siku zote kazi umeifanya kwa nadra mno. Ulitaka kusema "I have always worked hard". Iandike upya, uipeleke tena, na usione haya.

Hapa "vi-" na "kwa" hazitakusaidia, kwa sababu maneno machache ya Kiingereza yana sura moja, yakieleza kitu na yakieleza kitendo. "A hard job", kazi ngumu. "She works hard", anafanya kazi kwa bidii. "A fast boat", boti ya kasi. "It goes fast", inakwenda kasi. "Fastly" katika Kiingereza sanifu cha leo hakuna. Zamani vielezi hivi vilitambulika kwa irabu "e" mwishoni: "hearde", "fæste". Irabu hiyo ilipoacha kutamkwa, kielezi kikabaki sawasawa na kivumishi chake.

Na kwa kuwa tuko kisiwani, niongeze hili. Maana ya kwanza ya "fast" haikuwa kasi, ilikuwa imara, kukazika. Baharini bado wanasema "Make the boat fast", yaani funga mashua ikae imara, isiende kokote. Aliyelala fofofo naye ni "fast asleep".

Jihadhari pia na "late" na "lately": "The boat arrived late", boti ilichelewa kufika, "I haven't seen him lately", sijamwona siku hizi. Halafu "near" ni karibu, lakini "nearly" ni nusura: "We nearly hit the sandbank", nusura tuligonge fungu.

Mwalimu wetu wa shule alikata kwa kalamu nyekundu sentensi yangu "My father speaks very well English". Maneno yote ni sahihi, "well" nimeitumia. Amekata nini? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Lamu)

Amekata mpangilio, mwanangu. Sisi tunasema "anazungumza vizuri sana Kiingereza" na pia "anazungumza Kiingereza vizuri sana", na masikio yetu yanapokea zote mbili. Kiingereza hakipokei ya kwanza. Kitenzi na shamirisho yake, yaani kile kinachotendwa, ni kama foromali na tanga: vimefungwa pamoja, na hakuna kinachopita katikati. Kielezi kinangoja nyuma: "My father speaks English very well". "The carpenter carved the door beautifully". Katika makosa yote ya wanafunzi wangu hili ndilo ninalolikuta zaidi, hata kwa watu wanaozungumza bila kusita.

Kuna nafasi nyingine, nayo ni kabla ya kitenzi: "She carefully opened the door". Hiyo hufaa hasa shamirisho inapokuwa ndefu. Tazama: "The captain slowly steered the heavy old boat through the shallow water at Mkanda". Ukiiweka "slowly" mwisho kabisa, msomaji atakuwa ameshapita Mkanda kabla hajajua walikwenda polepole. Lakini "well", "badly", "fast" na "hard" katika sentensi za aina hii usizitangulize. "He well speaks English" si sentensi ya mtu yeyote.

Wakati mwingine nafasi hubadilisha maana. "She spoke to him kindly" inaeleza sauti yake: alisema naye kwa upole. "She kindly spoke to him" inaeleza hisani: alifanya wema hata akasema naye, sauti iwe yoyote ile.

Bi Mwalimu, mimi ni mpishi. Ulitufundisha kwamba kitenzi hufuatwa na kielezi. Mbona basi Waingereza wanasema "The pilau smells good" na si "smells well"? (Mpishi, Lamu)

Swali lako limenifurahisha, dada, kwa sababu linatoka kwa mtu anayepima alichofundishwa. Pilau hapo haifanyi kitendo. Haina pua, hainusi. Sentensi inaisifu pilau yenyewe, ndiyo maana inataka kivumishi. Toa "smells", weka "is". Ikiwa "The pilau is good" inakubali, basi kivumishi ndicho. Ndivyo zilivyo "taste", "look", "feel" na "sound" zinapoeleza hali: "The soup tastes salty", "You look tired".

Nadhani kinachotuchanganya ni utajiri wa lugha yetu. Sisi uzuri na ubaya wa harufu tumeutia ndani ya kitenzi chenyewe: pilau inanukia, samaki aliyeoza ananuka. Hatuhitaji neno la kuongeza. Mwingereza mara nyingi hutumia "smell" moja kwa zote mbili, kwa hiyo huongeza "good" au "bad".

Lakini wewe ukimwinua changu sokoni ukamnusa mashavuni kabla ya kumnunua, hapo ni kitendo: "The cook smelled the fish carefully". Na angalia hii: "She looks good" ni amependeza, "She looks well" ni anaonekana mzima, afya njema.

Naweza kusema "They talked friendly"? (Msomaji, Mpeketoni)

Hapana. "Friendly" ina mkia wa "-ly", lakini ni kivumishi, sawa na "lovely", "lonely" na "silly". Sema "They talked in a friendly way". Sisi "kirafiki" yetu hufanya kazi zote mbili, mechi ya kirafiki na kuzungumza kirafiki, yao haiwezi.

Mgeni akizungumza mbio namwambia "Please speak slowly slowly". Hucheka. Niseme vipi? (Karani wa mapokezi hotelini)

Polepole yetu imerudufiwa, ndiyo maana unairudufu na yao. Kwa Kiingereza "slowly" moja inatosha, na ukitaka kukazia ni "very slowly". Kidogo kidogo ni "little by little". Mmoja mmoja ni "one by one".

Kwako wewe, hata hivyo, mgeni ameshaanza kusema na unataka apunguze zaidi ya alivyo. Hapo ni kulinganisha. Vielezi vyenye "-ly" huchukua "more": "more slowly", "more clearly". Vile vyenye sura moja huchukua "-er": "faster", "harder". "Well" huwa "better", na "badly" huwa "worse". Utamsikia mtu akisema "slower", na wenyewe huisema kila siku, ila kwenye mtihani na kwenye barua andika "more slowly". Mgeni akifika mezani pako kesho, mwambie: "Could you speak more slowly, please?"