Wasomaji Wanauliza: Ukimtembelea mwenye mkopo, uangalie nini?

SWALI: Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina kamati ya mikopo ya watu watatu. Tumeamua kuwatembelea wanachama waliokopa, wengi wao mama lishe na wauza mitumba. Ziara ya kwanza tuliishia kukaribishwa soda na kuambiwa "biashara inakwenda". Tufanyeje tujue hali halisi? – Katibu wa kikundi, Mbagala

JIBU: Mtaambiwa biashara inakwenda mpaka siku inapofungwa, maana hakuna anayetaka kuaibika mbele ya wadhamini wake. Msianze na maswali. Anzeni kwa kutazama na kuhesabu.

Mama lishe wa mchana mfikieni saa nne na nusu, chakula kinaiva na wateja hawajajaa. Mmoja wenu arudi saa nane na nusu aone kilichobaki kwenye sufuria. Msiende siku ya rejesho: siku hiyo ameshakamua kila shilingi, na meza tupu haiwaambii lolote.

Kisha kaeni naye mpige hesabu ya siku moja kwenye daftari lake mwenyewe. Tuseme amepika mchele kilo 5 wa shilingi 2,800 kwa kilo (14,000), maharage kilo 2 (6,000), mafuta, nyanya, vitunguu na mboga (10,000), mkaa na maji (5,000). Jumla 35,000. Akiuza sahani 32 kwa 1,500 anapata 48,000, zinabaki 13,000. Kwa siku sita ni 78,000. Toeni msaidizi 4,000 kila siku, toeni pango na taka 6,000 kwa wiki: mkononi 48,000. Hapo bado familia haijala.

Sasa ulizeni sahani za mkopo, kwa upole, kwa sababu hapo ndipo penye kidonda. Sahani nne tu kwa siku za "nitakulipa jioni" ambazo hazilipwi ni 36,000 kwa wiki, na ile 48,000 inageuka 12,000. Mama anajiona ameuza sana, sufuria zimekwisha kweli, ila hela hakuna. Kumwongezea mkopo hapo ni kuwakopesha wateja wake. Anachohitaji ni daftari la madeni lenye jina, tarehe na kiasi, na uamuzi kwamba mwenye deni la sahani mbili haongezewi ya tatu.

Kipimo chetu: rejesho la wiki lisizidi theluthi moja ya kinachobaki mkononi. Kwa 48,000 hiyo ni 16,000. Mkimpangia 27,000 atalipa wiki za mwanzo, halafu ataanza kula mtaji.

Hilo ndilo jambo ambalo kamati nyingi hazilioni, kwa kuwa zinatazama kitabu cha marejesho peke yake. Mtu anaweza kulipa kwa wakati huku kilo 5 za mchele zimekuwa 3, au akachukua kausha damu, yaani mkopo wa riba kali, kwa mkopeshaji mwingine ili alipe kwenu. Kwa hiyo kila ziara iandikwe: amepika kilo ngapi, ana mkaa kiasi gani, anadai shilingi ngapi. Ziara ya pili ilinganishwe na ya kwanza. Bidhaa zikipungua na marejesho yakawa safi, msishangilie. Kaeni naye mrefushe muda wa mkopo kabla hajakimbia.

Kwa muuza mitumba, wingi wa nguo usiwadanganye. Nguo nzuri za belo, yaani furushi la mitumba, hutoka siku za mwanzo, zinazobaki hujaza meza wiki nyingi bila mteja. Ulizeni alifungua belo lini, alinunua kwa bei gani, na mpaka leo amerudisha kiasi gani. Kama zilizobaki ni mabaki, ashushe bei apate hela ya mzigo mpya.

SWALI: Wafadhili wetu wanataka kuja kuwaona wajasiriamali. Tuwaandae vipi? – Mratibu wa mradi, Tanga

JIBU: Waje wawili au watatu, wakiongozana na mwenyekiti wa kikundi, na gari libaki mbali na genge. Msururu wa wageni hufukuza wateja, na majirani wakishaona gari la mradi, wenye kumdai mwenye genge watamjia jioni. Kiasi cha mkopo kisitajwe kwa sauti mbele ya watu. Picha ziombwe ruhusa kabla, na ruhusa ya kuzitangaza iombwe peke yake. Wakila, walipe kama wateja wengine. Wala msimwambie mtu anunue bidhaa za ziada ili meza ipendeze; wapo waliokopa kwa ajili ya ziara.

SWALI: Nataka 600,000 kwa miezi sita. Wakopeshaji wawili wote wanasema riba ni asilimia 3 kwa mwezi, lakini marejesho yao hayalingani. Nani ananidanganya? – Muuza genge, Morogoro

JIBU: Pengine hakuna anayedanganya. Mmoja anatoza riba kwa mkopo wote mpaka mwisho: 18,000 kila mwezi, jumla 108,000. Mwingine anatoza kwa deni lililobaki: 18,000, kisha 15,000, kisha 12,000, hadi 3,000 mwezi wa sita, jumla 63,000. Tofauti ni 45,000. Uliza "nitarudisha jumla ya shilingi ngapi?", pamoja na ada ya fomu na bima, ukaandikiwe. Uliza pia leseni: chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji wa namna hiyo anatakiwa awe nayo. Na kabla ya wote wawili, pita kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni ya vikundi vilivyosajiliwa, na usajili huchukua muda, basi usingoje mpaka mtaji uishe.