Nina Jike Tayari: Mbwa wa Pili Awe Dume au Jike?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina mbwa jike wa miaka 4 hapa Morogoro, hajawahi kuzaa wala kufungwa kizazi, na ninataka kumtafutia mwenzake wa kusaidia ulinzi wa usiku. Jirani ananiambia nichukue dume kwa sababu majike ni waoga. Dume niliyewahi kufuga, hata hivyo, alizurura mpaka akagongwa na gari. Je, tabia zao zinatofautiana kweli, na mimi nichukue yupi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa kumpoteza mbwa wako. Tabia zinatofautiana, ila jirani yako amezitafuta mahali pasipo penyewe. Tofauti zilizo wazi ziko katika mambo yanayoendeshwa na uzazi: kuzurura, kukojoa hapa na pale ili kuweka alama, kupanda mbwa wenzake, na kugombana na mbwa wa jinsia yake. Ulinzi haumo. Nimewatibu majike ambao mgeni hathubutu kugusa geti lao, na madume wanaojibanza chini ya gari radi inapopiga. Ujasiri hutokana zaidi na wazazi wa mbwa na malezi yake, hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14, wakati mtoto wa mbwa anapozoea watu, sauti na vitu vigeni.

Dume huanza kuinua mguu na kutamani kutoka nje anapobalehe, kwa kawaida kati ya miezi 6 na mwaka mmoja. Niliwahi kuletewa dume aliyekonda hadi mbavu zikahesabika, kucha zimelika na pua imechubuka, na mwenye mbwa akiamini ana minyoo. Kumbe alikuwa ameacha chakula kwa siku kadhaa, akichimba chini ya ukuta usiku kucha, kwa sababu jike wa nyumba ya tatu alikuwa kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka kupandwa. Huenda dume wako naye alikuwa akifuata harufu kama hiyo.

Kumhasi dume hupunguza kuzurura kwa mbwa walio wengi, na mara nyingi hupunguza pia kupanda na kuweka alama. Lakini kuhasi hakumtibu mbwa anayeuma kwa woga. Wengine huzidi kuwa waoga. Umri nao una uzito wake: watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walichapisha mwaka 2020 uchunguzi wa aina 35 za mbwa, wakaonyesha kwamba baadhi ya aina kubwa, German Shepherd akiwemo, hupata zaidi maradhi ya viungo wakihasiwa au kufungwa kizazi mapema.

Jike hupata joto takriban mara mbili kwa mwaka, kila mara wiki 2 hadi 3. Wiki kadhaa baadaye, hata kama hakupandwa, anaweza kupata mimba ya uongo: chuchu zinajaa, anaburuta matambara hadi pembeni, analalia kiatu kana kwamba ni mtoto na kumngurumia atakayekisogelea. Wenye mbwa humwona amebadilika tabia na kumpiga, jambo linaloniumiza sana, kwa kuwa ni homoni tu na kwa kawaida hali hiyo hupita yenyewe.

Kwa nyumba yako ningechukua dume. Majike wawili katika ua mmoja wanaweza kuishi kwa amani, lakini wakianza kupigana, ugomvi wao mara nyingi huwa mkali na mgumu kusuluhisha kuliko wa dume na jike. Kwanza mpeleke jike wako afungwe kizazi, miezi 2 au 3 baada ya joto lake la mwisho. Utamkinga pia na usaha wa kizazi, ambao huua majike wengi wa umri mkubwa. Dume umhasi baadaye, kwa umri utakaoshauriwa kulingana na aina yake. Walishe kwa mabakuli mawili yaliyo mbalimbali, na wote wawili wapate chanjo ya kichaa cha mbwa.

Siku ya kuchagua, chuchumaa mbele ya watoto wote na uangushe funguo chini. Yule anayeshtuka, kisha akarudi mwenyewe kuzinusa, ndiye ningemchukua.