Maswali na majibu: plazma yenye vumbi ndani ya sumaku

Plazma yenye vumbi ni gesi ambayo elektroni zimetengana na atomu zake, atomu hizo zikabaki ioni zenye chaji chanya, huku chembe ngumu za ukubwa wa mikromita zikielea ndani yake. Elektroni zina mwendo wa kasi kuliko ioni, hivyo chembe huishia na chaji hasi.

Nimewasha uga wa sumaku wa tesla 0.01 tu (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga huo), wingu zima la vumbi likaanza kuzunguka. Uga mdogo hivyo unasukumaje chembe nzito?

Hauzisukumi. Kinachozisukuma ni ioni. Pembezoni mwa wingu kuna uga wa umeme unaoelekea nje. Ioni zikiufuata, sumaku inazipinda kando, nazo huziburuta chembe njiani. Geuza mkondo wa koili: wingu lizunguke kinyume. Lisipogeuka, usiilaumu sumaku, kagua gesi inaingilia upande gani.

Basi vumbi lenyewe huhisi sumaku lini?

Tupige hesabu. Chembe ya plastiki yenye nusukipenyo cha mikromita 1 ina kilo 6×10⁻¹⁵ hivi na chaji ya elektroni kama 3,000. Kwenye tesla 1, ingehitaji sekunde 80 kumaliza mzunguko mmoja. Gesi ya agoni yenye shinikizo la paskali 10 huua mwendo wake ndani ya sekunde 0.02. Haifiki popote! Linganisha na elektroni yenye nishati ya elektronivolti 3: kwenye uga huohuo, inazunguka kwenye duara la nusukipenyo cha mikromita 6 hivi.

Dawa ni kupunguza shinikizo na ukubwa wa chembe. Nusukipenyo kikipungua mara 10, kasi ya kuzunguka hupanda mara 100 na msuguano mara 10, kwa hiyo faida halisi ni mara 10. Ila chembe ya mikromita 0.1 hutawanya mwanga kiduchu mno, na kamera ya kawaida haitaiona hata ukiimulika kwa leza.

Karibu na tesla 1 plazma inachanika nyuzinyuzi na vumbi linavurugika.

Hutokea zaidi shinikizo na nguvu ya umeme vikiwa chini. Pandisha kimoja hadi nyuzi zipotee, kisha ndipo upime. Kama juu ya wingu kuna wavu wa chuma, angalia pia mpangilio wa chembe: kwenye uga mkubwa zinaweza kujipanga kwa kufuata matundu ya wavu, ukadhani umepata fuwele, yaani chembe zilizojipanga zenyewe.

Pampu ya turbo, ile ya kunyonya gesi, inachemka.

Rota yake, sehemu inayozunguka, inakata uga wa sumaku, mikondo ya umeme inazuka ndani ya chuma. Isogeze mbali kwa bomba refu.

Sina sumaku kubwa. Kuna njia nyingine?

Ipo, na ni ya kijanja: zungusha gesi yenyewe kwa elektrodi inayozunguka. Ukilitazama wingu kana kwamba unazunguka nalo, kani ya Coriolis (ile inayoonekana kupinda njia ya kitu ukikitazama huku ukizunguka) inafanana kabisa na kani ya sumaku. Kwa chembe yetu, mizunguko 1.6 kwa sekunde ni sawa na tesla 260 hivi. Wingu litatanuka, kwa hiyo lizuie zaidi pembeni. Elektroni na ioni hazitahisi chochote.