Maswali ya wasomaji: PAYE ikishushwa bungeni, shilingi ngapi inarudi mfukoni?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu PAYE, yaani kodi ya mshahara. Tumechukua tano. Hesabu za Tanzania tumezipiga kwa viwango vilivyoanza 1 Julai 2021, ambavyo ni hivi kwa mwezi: hadi shilingi 270,000 hakuna kodi; kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8; hadi 760,000 asilimia 20; hadi 1,000,000 asilimia 25; zaidi ya hapo asilimia 30.

*Mbunge wetu alisimama bungeni akaomba kodi ya wafanyakazi ishushwe, wenzake wakapiga meza. Julai ikafika, mshahara ni uleule. Ombi lake lilipotelea wapi? (Mwalimu, Kondoa)*

Lilibaki kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, Mwalimu. Mchango wa mbunge kwenye mjadala wa hotuba ya bajeti haugusi hata nukta moja ya sheria. Viwango vya PAYE vimo kwenye Jedwali la Kwanza la Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, na huwa vinabadilishwa kwa Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Waziri wa Fedha anasoma bajeti Juni, wabunge wanaijadili, wanapiga kura kwa kuitwa majina, kisha unafuata Muswada wa Sheria ya Fedha. Huo unakuwa umeshapita Kamati ya Bajeti, ambako vyama vya wafanyakazi, waajiri na wataalamu wa kodi hupeleka maoni yao. Ukumbini, Bunge linapokaa kama Kamati ya Bunge Zima, unapitiwa kifungu kwa kifungu. Mbunge anayetaka 8 iwe 7 lazima awe ameshawasilisha jedwali la marekebisho kwa maandishi: kifungu namba fulani, futa maneno haya, weka haya. Asiye na jedwali ameongea tu, hata akishangiliwa namna gani.

Wengi wanadhani Katiba inamkataza mbunge wa kawaida kugusa kodi. Si hivyo kabisa. Ibara ya 99 inataka pendekezo la Rais, likiletwa na waziri, kwa muswada wa kutoza kodi au kuibadilisha, lakini kupunguza kumetolewa kwenye katazo hilo. Mlango uko wazi, ila ni mwembamba. Wakati Muswada unafika ukumbini, matumizi ya mwaka mzima yameshapitishwa, na kila shilingi utakayoiondoa utaulizwa itafidiwa na nini. Juu ya hilo, Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali, kwa hiyo hakuna mwenye hamu ya kuvutana hadi mwisho.

Ndiyo maana punguzo mbili za karibuni za asilimia zilitangazwa Mei Mosi kabla ya kufika bungeni: 2016 Dodoma, Rais Magufuli akishusha kiwango cha chini kutoka 11 hadi 9, na 2021 Mwanza, Rais Samia akikitoa 9 hadi 8. Bunge la Juni likazipa nguvu ya sheria. Ukitaka kumsaidia mbunge wako, mpe maneno ya marekebisho na chanzo cha kufidia pengo wakati Muswada ungali kwenye Kamati.

*Tuliambiwa kodi imeshuka kutoka asilimia 9 hadi 8. Mimi kwenye hati ya mshahara sikuona tofauti ya maana. Nimeibiwa? (Mfanyakazi wa kiwanda, Mwanza)*

Hujaibiwa. Asilimia 8 haikatwi kwenye mshahara wote. Inakatwa kwenye kipande kilicho kati ya 270,000 na 520,000, yaani shilingi 250,000 tu. Asilimia moja ya hiyo ni 2,500, na hapo ndipo nafuu ya 2021 inapoishia. Mwenye mapato ya kutozwa kodi ya 300,000 alipata nafuu ya shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye 400,000 alipata 1,300. Kuanzia 520,000 kwenda juu kila mtu alipata 2,500, awe karani au mkurugenzi wa milioni tano.

Linganisha na kilichofanyika Julai 2020, ambacho hakikuwa na shamrashamra. Mwaka ule asilimia hazikuguswa. Kilichosogezwa ni mipaka. Mapato yasiyotozwa kodi yalipandishwa kutoka 170,000 hadi 270,000, na ngazi za juu zikatanuliwa. Mwenye 270,000, aliyekuwa akikatwa 9,000, akawa hakatwi kitu. Mwenye 1,000,000 alikuwa akikatwa 182,100. Ikashuka hadi 130,500, nafuu ya 51,600 kwa mwezi. Kwa maoni yetu hilo ndilo lilikuwa punguzo la kweli katika miaka hii, ingawa tuseme pia kwamba fungu nono lilikwenda kwa wenye mishahara minono.

TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, walipigania kwa miaka kodi ya tarakimu moja, na waliipata 2016. Waliipata kwenye ngazi ya chini tu. Kwa aliyevuka ngazi hiyo, kila shilingi ya juu inakatwa senti 20, 25 au 30, na hizo hazijashushwa.

Na kama bado unaona 2021 hela haikutosha, kumbuka kilichokuwamo kwenye Sheria ya Fedha ileile: tozo ya miamala ya simu, iliyoanza 15 Julai, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala kabla ya kupunguzwa kwa asilimia 30 Septemba. Ukisoma Muswada wa Fedha, usiishie kwenye ukurasa wa PAYE.

*Kima cha chini serikalini kimepanda toka 370,000 hadi 500,000, tunashukuru. Mbona makato ya kodi yamezidi mara mbili wakati kiwango ni kilekile 8? (Mhudumu wa ofisi, Singida)*

Kwa sababu mshahara umesogea na mipaka haikusogea. Tupige hesabu yako. Kwenye 370,000, PSSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma) inachukua asilimia 5, ambayo hutolewa kabla ya kodi, yaani 18,500, inabaki 351,500. Toa 270,000, kinachotozwa ni 81,500, na asilimia 8 yake ni 6,520. Sasa kwenye 500,000: PSSSF 25,000, inabaki 475,000, kinachotozwa ni 205,000, kodi 16,400. Mshahara umeongezeka kwa asilimia 35, kodi imeongezeka mara mbili na nusu.

Hakuna aliyepandisha kodi bungeni, na hakuna aliyepiga kura. Nyongeza yote ya mshahara iliangukia juu ya 270,000, ambako kila shilingi inatozwa. Kila nyongeza inayokuja bila mipaka kusogezwa inafanya hivyohivyo. Kwa kima cha chini kipya kutokatwa PAYE kabisa, mpaka wa kuanzia ungetakiwa kuwa 475,000. Kushusha 8 hadi 7 kungekuachia 2,050 tu. Viongozi wa tawi lako wakiandaa risala ya Mei Mosi, waonyeshe hesabu hiyo kabla hawajaandika neno "asilimia".

*Huku kwetu Kenya kodi ilishushwa 2020, tukafurahi, mwaka mmoja haukuisha ikarudi. Sheria inaweza kugeuzwa haraka hivyo? (Msomaji, Mombasa)*

Inaweza, na iligeuzwa kwa sheria mbili za mwaka uleule. Aprili 2020, corona ilipoanza kubana, Bunge la Taifa lilipitisha marekebisho yaliyoshusha kiwango cha juu cha PAYE kutoka asilimia 30 hadi 25, kodi ya kampuni vilevile kutoka 30 hadi 25, na kupandisha nafuu binafsi ya kila mwezi, kiasi kinachotolewa kwenye kodi ya mtu, kutoka shilingi 1,408 hadi 2,400. VAT nayo ilitoka 16 hadi 14. Kabla mwaka haujaisha Bunge lilipitisha marekebisho ya pili: kuanzia 1 Januari 2021 asilimia 30 ikarudi kwa mishahara na kwa kampuni, na VAT ikarudi 16. Makusanyo yalikuwa yamepungua na Hazina ilitaka fedha zake.

Ila haikurudi yote. Nafuu ya 2,400 ilibaki, na kwa kuwa kodi ya ngazi ya kwanza, asilimia 10 ya 24,000, ni 2,400 kamili, mwenye 24,000 aliendelea kutolipa. Walioumia ni waliokuwa juu yake kidogo. Mwenye 30,000 alikuwa akilipa 900. Kuanzia Januari akalipa 1,500, kwa sababu ngazi ya pili iliruka kutoka asilimia 15 hadi 25. Mwenye 100,000 alitoka takriban 16,500 hadi 22,380. Kisha Julai 2023 ziliongezwa ngazi mbili juu kabisa: 32.5 kwa kinachozidi 500,000, na 35 kwa kinachozidi 800,000.

*Natunza mishahara ya kampuni ndogo. Viwango vikibadilika, ni wapi wahasibu hukosea? Na ni kweli mtu akipanda ngazi anaweza kuambulia pungufu? (Mhasibu, Morogoro)*

La pili kwanza, ni fupi: si kweli. Mapato ya kutozwa kodi yakitoka 760,000 hadi 770,000, kodi inaongezeka 2,500 na 7,500 inabaki kwa mfanyakazi. Asilimia ya ngazi mpya inagusa kilichovuka tu.

Kosa linalojirudia zaidi ni kukata kodi kwenye mshahara ghafi. Mchango wa mfanyakazi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii hutolewa kwanza. Mshahara wa 600,000 wenye NSSF asilimia 10: toa 60,000, inabaki 540,000. Kodi ni 20,000 ya ngazi ya chini, jumlisha asilimia 20 ya 20,000 iliyozidi, yaani 4,000. Jumla 24,000. Ukikokotoa kwenye ghafi unapata 36,000, na umemnyang'anya mwenzio 12,000 kila mwezi.

Kosa la pili ni kubadilisha asilimia kwenye faili la hesabu na kusahau kiasi kisichobadilika cha kila ngazi, yaani jumla ya kodi ya ngazi zilizo chini yake. Ilipotoka 9 kwenda 8, zile 22,500, 70,500 na 130,500 zilipaswa kuwa 20,000, 68,000 na 128,000. Asiyezigusa aliendelea kuwakata watu 2,500 ya ziada huku faili likionyesha asilimia 8.

Makato ya mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu), asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hayapunguzi mapato ya kutozwa kodi. Yanakuja baada ya PAYE. Kwa mfanyakazi ambaye kazi yake kuu iko kwa mwajiri mwingine, usitumie jedwali: anakatwa asilimia 30 moja kwa moja. Malipo yafike TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na tofauti yoyote uliyoigundua isahihishe kabla mfanyakazi hajaondoka kazini, kwani kumtafuta baadaye ni kazi nyingine.